Nimetolewa kifuko cha nyongo: je, niache mafuta kabisa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Jinja. Miezi miwili iliyopita nilitolewa kifuko cha nyongo kwa sababu ya mawe. Kidonda kimepona, lakini nikila rolex asubuhi, nusu saa haipiti nakimbilia choo. Jirani ananishauri niache mafuta kabisa, halafu ninywe mafuta ya zeituni kwa ndimu nisafishe ini. Nifuate?

JIBU: Pole sana, mama. Hayo ya zeituni na ndimu usiyanywe. Ini halisafishwi hivyo, na utazidi kuharisha.

Ini lako bado linatengeneza nyongo, kama nusu lita hadi lita moja kwa siku. Kifuko kilikuwa kikiihifadhi na kuikoleza, kisha kuimwaga kwa wingi chakula cha mafuta kinapofika. Sasa nyongo inadondoka utumboni kidogo kidogo, mchana na usiku. Mafuta machache inayamudu. Yakija mengi kwa mpigo, yanaizidi nguvu. Na ile inayopenya hadi utumbo mpana huuchokoza utoe maji, ndipo unapobanwa ghafla.

Kwa hiyo angalia wingi wa mafuta katika mlo mmoja. Rolex ni chapati ya mafuta imekunja mayai ya kukaanga. Kwa sasa ni mzigo. Kula matoke na yai moja la kuchemsha. Binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, usiiache, ila karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, basi vijiko viwili vinatosha. Maharage yatasaidia kushika choo, lakini anza na kidogo, la sivyo tumbo litajaa gesi. Tena usishinde njaa ukaja kula sahani kubwa usiku, nawaona wengi wakijiumiza hivyo.

Kwa watu wengi hali hutulia baada ya wiki au miezi kadhaa. Isipotulia, muulize daktari wako kuhusu kolestiramini, dawa ya unga inayonasa nyongo utumboni. Hunasa na dawa nyingine pia, kwa hiyo hizo zimeze saa moja kabla yake, au subiri zipite saa 4 hadi 6 baada ya kuinywa.

Ukiona macho ya manjano, mkojo wa kahawia, choo cheupe, homa ya kutetemeka au maumivu makali chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda jiwe limebaki kwenye mrija wa nyongo, ingawa kifuko chenyewe kimeshatolewa.