Tableti ya Windows imebaki nyeusi baada ya kugusa BIOS: fanya haya kabla hujamruhusu fundi aguse chipu

Mkuu, pole sana. Nimesoma maelezo yako: tableti ya Windows yenye prosesa ya Intel Atom Z3735F, ulitaka kuweka Linux, flashi haikuonekana, ukaingia BIOS (programu ndogo inayoiwasha mashine kabla ya Windows) ukabadilisha sehemu ya kuchagua mfumo kutoka Windows kwenda Android, ukagusa na setingi za USB, ukahifadhi. Sasa ukiwasha kioo ni cheusi, nembo haitokei, na fundi amekwambia bodi imekufa.

Kwa dalili hizi, yaelekea bodi haijafa. Nafanya kazi ya bodi za laptop na tableti hapa Dar es Salaam, na hizi za Atom zinaletwa sana tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haizikubali rasmi, kwa hiyo watu wanajaribu Linux, na kuelekea Linux lazima upite BIOS. Hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu watengenezaji wengi wa tableti hizi walichukua BIOS ya kampuni ya AMI na kuacha menyu zake zote wazi. Kwenye laptop ya kawaida unaona kurasa chache tu. Humu unakuta setingi za volti, za kioo, za vidhibiti vya USB, mambo ambayo mhandisi wa kiwandani ndiye mwenye haja nayo. Kijana anayeingia humo kutafuta namna ya kuwasha flashi hana kosa lolote, ameachiwa mlango ambao ulipaswa kufungwa.

Kwanza tuondoe ushauri ambao watu hupenda kuutoa, wa kuchomoa betri usiku kucha ili mipangilio ya BIOS ijifute. Ulifaa kwenye kompyuta za mezani za zamani, ambako mipangilio ilikaa kwenye kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri ya kidonge. Ukiitoa, mipangilio inafutika. Tableti hizi nyingi hata hiyo betri ya kidonge hazina. Mipangilio yako imeandikwa ndani ya chipu ileile inayobeba BIOS, kwenye eneo liitwalo NVRAM, katika rekodi yenye jina Setup, na chipu hiyo haihitaji umeme ili ikumbuke. Ukichomoa betri mwezi mzima, utakachopoteza ni saa na tarehe. Kuichomoa kunasaidia tu pale mashine imeganda na haizimiki hata ukishikilia kitufe.

Sasa tujue kama mashine iko hai. Ichaji saa kadhaa ikiwa imezimwa. Kisha tafuta waya wa OTG (unaochomeka vifaa vya USB kwenye tundu dogo la tableti), habu ya USB yenye umeme wake, na kibodi ya waya yenye taa ya Caps Lock. Habu iwe na umeme wake kweli, maana tundu la tableti hizi ni dhaifu na kibodi ikikosa nguvu utadhani setingi ndizo zimeiua. Shikilia kitufe cha kuwasha mpaka uwe na hakika imezima, washa, subiri kidogo, halafu bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Taa ikifuata kidole chako, basi prosesa inafanya kazi, USB inafanya kazi, na kilichopotea ni picha tu. Njia nyingine ninayoipenda: washa hotspot ya simu yenye jina na nywila ambayo tableti ilishawahi kuungwa nayo. Ikijiunga, Windows yenyewe imewaka huko nyuma ya kioo cheusi.

Kama tableti yako ina tundu la HDMI, chomeka kwenye TV kabla ya jambo lingine lolote. Setingi za kioo zikivurugika, mara nyingi picha inaendelea kutoka kwa HDMI. Ukiiona Windows kwenye TV, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika shutdown /r /fw /t 0, na itawaka upya moja kwa moja ndani ya BIOS. Hapo unarudisha mipangilio ya kiwandani na kazi imekwisha.

Kama hakuna HDMI, au TV nayo haionyeshi kitu, tunaingia gizani. Hii ndiyo njia iliyookoa tableti nyingi kuliko nyingine yoyote mezani kwangu, na mafundi wengi wanairuka wakikimbilia programa, kile kifaa cha kusoma na kuandika chipu. BIOS ya AMI inapokea vitufe hata kama huioni. Izime, iwashe, na papo hapo anza kugonga Del mfululizo kwa sekunde kama kumi. Baadhi ya matoleo hutaka Esc au F2, kwa hiyo usipofanikiwa rudia na hivyo. Acha kugonga, subiri itulie. Bonyeza F3 mara moja, ambayo kwenye menyu za kawaida za AMI ni kurudisha mipangilio ya awali. Subiri, kisha Enter, kwa kuwa swali linalotokea tayari limesimama kwenye ndiyo. Subiri tena. F4 ni kuhifadhi na kutoka; kisha Enter. Ikiwa BIOS yako ni ya mtindo mwingine, jozi hiyo huwa F9 na F10. Tahadhari moja: ukitumia Esc kuingilia, usiigonge tena ukishakuwa ndani, maana humo ndani Esc ni kutoka. Usiharakishe katikati ya vitufe, na usikate tamaa ikigoma mara ya kwanza, kwa sababu muda wa kugonga Del hutofautiana kati ya tableti na tableti.

Ikiwaka, usirudi BIOS kutafuta kwa nini flashi haikuonekana. Sababu naijua na haimo kwenye menyu. Tableti nyingi za Z3735F zina prosesa ya biti 64 lakini UEFI yake (ndiyo hiyo BIOS ya kisasa) ni ya biti 32, nayo inatafuta faili moja tu kwenye flashi: bootia32.efi, ndani ya folda EFI kisha BOOT. Flashi za Linux nyingi zinakuja na bootx64.efi peke yake, na tableti inaipita flashi nzima kana kwamba haipo. Fomati flashi kwa FAT32, hakikisha faili hilo lipo, na mara nyingi itaonekana bila kugusa setingi yoyote. Inaniuma kwamba maelekezo mengi ya mtandaoni yanawapeleka watu kwenye menyu za hatari kwa tatizo la faili moja.

Ila kwa kuwa uligusa na USB, kuna uwezekano kibodi isifanye kazi kabisa. Hilo nimelishughulikia. Mama mmoja wa duka la dawa aliniletea tableti yenye rekodi zake zote za stoo, kidhibiti cha USB kimezimwa, kioo cheusi, tundu la HDMI halipo. Kibodi haikuwaka hata taa. Hapo ndipo chipu inaguswa, na hapo ndipo tableti nyingi zinapouawa na mafundi wenyewe.

Chipu ya BIOS kwenye bodi yake ilikuwa Winbond 25Q64FW. Angalia hizo herufi mbili za mwisho kwa lenzi. W25Q64FV inatumia volti 2.7 hadi 3.6. W25Q64FW inatumia volti 1.65 hadi 1.95. Programa ya CH341A ambayo kila fundi anayo hutoa 3.3, na nyingi kati ya zile programa nyeusi za bei nafuu hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data. Ukiibana chipu ya 1.8 bila adapta ya kushusha volti, unaweza kuichoma, na hata prosesa iliyoungwa nayo. Kwa hiyo fundi yeyote atakayekwambia ataiandika upya chipu, muulize kwanza adapta yake ya volti 1.8 iko wapi. Akikosa jibu, chukua tableti yako.

Nilichomoa betri, nikasoma chipu mara mbili, nikalinganisha mafaili hayo mawili mpaka yakalingana. Chipu ya megabiti 64 lazima itoe faili la baiti 8,388,608, si pungufu wala zaidi. Nakala hiyo ndiyo roho ya tableti: ina namba zake za utambulisho na mara nyingi ufunguo wa Windows uliowekwa kiwandani. Ndiyo maana siafiki kabisa tabia ya kudaka faili la BIOS la tableti ya mtu mwingine na kuliandika lote. Modeli moja inaweza kutoka na matoleo tofauti ya bodi yenye vioo tofauti, na faili lisilolingana linakuachia kioo cheusi kilekile au mguso uliogeuka. Nilifungua nakala yake kwa UEFITool, programu ya kufungulia mafaili ya BIOS, nikachukua faili rasmi la toleo lilelile la bodi, nikabadilisha eneo la NVRAM tu. Mengine yote yalibaki ya kwake. Nikaandika, nikasoma tena kuhakikisha, nikarudisha betri, nembo ikatokea.

Rekodi za duka zilikuwa salama, kwa sababu BIOS na hifadhi ya eMMC (inayobeba Windows na mafaili yako) ni chipu mbili tofauti. Lakini Windows iliomba ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data, wenye tarakimu 48. Tableti hizi nyingi hujifunga zenyewe mmiliki anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na BIOS ikibadilika zinashtuka. Ufunguo tuliukuta kwenye akaunti ya yule mama, upande wa vifaa vyake. Nawe utafute wako leo kwa simu, kabla hata ya kujaribu F3, na uandike kwenye karatasi.

Anza na Caps Lock na hotspot, kisha vile vitufe gizani. Ukirudi hapa tuambie taa ilifanyaje na kama kuna tundu la HDMI. Ikigoma yote, fungua mgongo, chomoa betri, piga picha ya bodi ionekane namba ya toleo na maandishi ya chipu ya miguu minane, uiweke hapa ila funika namba ya utambulisho. Nitakuambia ni ya volti ngapi kabla hujamlipa mtu.