Nisome udaktari au takwimu?

SWALI: Mhariri, nimemaliza sekondari nikiwa na alama nzuri za hisabati na biolojia. Wazazi wananitaka nisome udaktari, ilhali mimi navutiwa na takwimu, ambayo nasikia haina ajira. Nichague ipi?

JIBU: Udaktari, kama ulivyo uuguzi, hulindwa na leseni: asiyesajiliwa haruhusiwi kuufanya, hivyo mhitimu hashindani na kila mtu sokoni. Hata hivyo, katika nchi nyingi masomo yake huchukua miaka 5 au 6, yakifuatiwa na mafunzo kwa vitendo, na asiyeipenda kazi yenyewe huchoka mapema (wazazi hawatakufanyia zamu ya usiku).

Takwimu haina kinga hiyo, lakini si kweli kwamba haina ajira, kwa kuwa benki, kampuni za bima na taasisi za utafiti wa afya zote huwahitaji watu wake. Tatizo ni kwamba matangazo mengi hayamtaji mtakwimu bali mchambuzi wa data, na humtaka mwombaji awe anajua SQL, R au Python (lugha za kompyuta za kushughulikia data). Kwa hiyo, kusanya matangazo kadhaa ya karibuni, usome kipengele cha sifa za mwombaji, kisha ulinganishe na mtaala wa chuo unachokitaka, ukihakikisha pia kwamba kozi hiyo ina ithibati, yaani imeidhinishwa rasmi.

Kwa alama zako, mimi ningechagua takwimu, kisha nielekee takwimu za afya katika shahada ya pili. Waoneshe wazazi matangazo hayo kabla ya kujaza fomu.