Usimfunge mtoto kifua kwa leso

Kama umemvua mwanao nguo umwogeshe ukaona mbavu zimefanya vifundo mbele, mstari mzima kama shanga za tasbihi, au kifua kimechongoka kama cha njiwa, nakuandikia wewe. Mimi niliyaona hayo mwanangu akiwa na miezi 14. Tulikuwa tunakaa Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, ghorofa ya pili, chumba cha kuwasha taa mchana kutwa kwa sababu jengo la pili lilikuwa karibu kiasi cha kupokezana chumvi dirishani. Asubuhi nilimwacha dei kea, akashinda ndani mpaka nitoke kazini. Jua aliliona Jumapili, tena akiwa amefunikwa shali.

Jirani alinishauri nimkaze leso kifuani usiku ili mifupa irudi. Nikamfunga siku nne. Inaniuma hadi leo, maana mtoto tayari alikuwa anahangaika kupumua, nami nikazidi kumbana. Leso hainyooshi ubavu. Tafadhali usijaribu.

Zahanati ya kwanza ilimtibu nimonia mara tatu, na hakuna hata siku moja aliyovuliwa fulana akatazamwa. Daktari wa watoto tuliyemwona baadaye hakuanzia kifuani. Alishika vifundo vya mikono, vilikuwa vimevimba. Akapapasa utosi, akauliza meno yalitoka lini na kama anasimama. Kisha akaagiza eksrei ya mkono na vipimo vya damu. Ilikuwa riketsi, ule ugonjwa wengi wetu tunaujua kwa matege tu, na miguu ya mwanangu haikuwa imepinda sana kwa sababu alikuwa bado hajatembea.

Alinieleza hivi: vitamini D ikipungua, mwili haufyonzi kalsiamu ya kutosha, na mifupa inabaki laini. Kila mtoto anapovuta pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu kinazivuta mbavu hizo ndani. Ndiyo maana kifua cha mwanangu kilikuwa na mfereji pande zote mbili, na chini yake ncha za mbavu zimetokeza. Kifua cha namna hiyo hakijazi mapafu vizuri, nimonia nazo hazikomi.

Alipewa matone ya vitamini D kila siku kwa miezi mitatu, na kalsiamu juu yake. Usijinunulie dozi ya matibabu dukani. Vitamini D ikizidi inaharibu figo. Kwa kinga, mtoto mchanga hupewa yuniti 400 (IU) za vitamini D kwa siku, na inafaa uulizie jambo hili mapema kliniki, kwa kuwa maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Endelea kunyonyesha. Kwa aliyeanza kula, omena wanaosagwa mzimamzima na mifupa yao huongeza kalsiamu, na maziwa pia.

Kuhusu jua nilikuwa nakosea mara mbili. Kumweka dirishani nyuma ya kioo hakusaidii, kioo kinazuia miale inayotengeneza vitamini. Na lile jua la saa moja asubuhi ni dhaifu mno. Ngozi zetu nyeusi zinahitaji muda zaidi, mikono na miguu ikiwa wazi.

Si kila kifua chenye umbo tofauti ni riketsi. Kuna watoto wanaozaliwa na kifua kilichobonyea katikati. Wengi hawaumwi, hufuatiliwa tu, na upasuaji ukihitajika kwa kawaida husubiri hadi ujana. Kijimfupa kinachochomoza kwenye chembe cha moyo cha mtoto mchanga ni cha kawaida. Ila mbavu zikibonyea ndani kila anapopumua, midomo ikibadilika rangi, akikataa kunyonya au akishikwa na degedege, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.

Mwanangu sasa ana miaka minne. Vile vifundo vya mbavuni vimeisha, ingawa ncha za mbavu za chini bado zimetokeza kidogo na daktari huzitazama tukienda. Mama mwenye dei kea nilimwonyesha eksrei ile. Siku hizi saa nne anawatoa watoto wote kwenye uwanja wa kanisa, bila shali.