Saa ya Hanjari ya Marehemu Ami, Niivae au Niifungie Kabatini?

Wapenzi wasomaji, wiki hii nimeyaweka maswali manne pamoja manake yote yanazunguka jambo moja: saa imetengenezwa kwa ajili ya watu fulani, wewe sio mmoja wao, sasa iko mkononi mwako. Naanza na la Unguja, hili limenikaa kichwani siku kadhaa.

SWALI: Fundi, asalaam aleykum. Mie niko Unguja. Ami yangu aliondoka hapa miaka ya sabini akenda Oman, akaingia jeshini kule, uzeeni akarejea na mwaka jana kafariki, Mungu amrehemu. Wanawe wamenipa saa yake kwa kuwa mie ndo nilomuuguza miezi ya mwisho. Ni Rolex, usoni ina hanjari nyekundu, lile jambia la Kiomani. Mwezi ujao kuna harusi ya mjukuu wake Maskati na nimealikwa. Mke wangu anasema niivae, wenzangu barazani wanasema saa hizo Sultani aliwapa watu wake kwa kazi walofanya, mie sijapigana popote, nikenda nayo kule ntaonekana najipachika. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam, na pole sana kwa msiba. Vaa. Ila ngoja nikueleze wenzako wa barazani wanaongea nini, manake hawajakosea kabisa.

Sultan Qaboos wa Oman alishika nchi tarehe 23 Julai 1970, na wakati huo kusini kule Dhofar vita imeshachachamaa, haikutangazwa kuisha mpaka Desemba 1975. Qaboos huyohuyo ndo aliyewaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, wakiwemo wengi wa Zanzibar na mwambao wetu, na nadhani ami yako alikwenda na wimbi hilo. Miaka hiyo Sultani alikuwa anaagiza saa London kwa duka la Asprey, usoni anawekewa hanjari, nyingine zina jina lake Qaboos kwa mwandiko wa Kiarabu, na ukigeuza nyuma baadhi utakuta jina la Asprey. Kuna zilizokwenda kwa wanajeshi wa Kiingereza wa kikosi maalumu cha SAS waliopigana kule, kuna zilizokwenda kwa maofisa, watumishi na wageni. Kwahiyo sio kila saa ya hanjari imetoka vitani, nyingine imetoka mezani tu kwenye chakula cha heshima, ila zote ni zawadi, hakuna iliyouzwa dukani kwa kila mwenye hela, na hapo ndo wenzako wana hoja. Alafu hanjari ile na panga mbili zilizopishana ndo nembo ya nchi, iko mpaka kwenye bendera, sio pambo la kuchorwa popote.

Lakini zawadi ikishatolewa ni ya aliyepewa, na yeye akiondoka inakwenda kwa watu wake, na watu wake wamekupa wewe kwa mikono yao. Wewe hujaiokota wala hujaibandua kwa mtu. Anayejipachika ni yule anayenunua mnadani alafu akiulizwa anakohoa na kutazama pembeni ili watu wafikirie wanachotaka. Wewe ukiulizwa unasema, "Ya ami yangu, marehemu, nimeachiwa." Basi. Maneno hayo yanatosha, na nakuhakikishia pale harusini kuna wazee watakushika mkono waitazame na waanze kumzungumza ami yako mambo ambayo hukuwahi kuyasikia.

Kabla hujapanda ndege mpigie simu mkubwa wa wale watoto, mwambie nataka kuja na saa ya baba, mna neno? Sio kwamba unaomba ruhusa upya, ila kuna mtu anaweza kuona saa ya baba yake kwenye mkono wa mtu mwingine ghafla katikati ya sherehe na moyo ukamruka, mpe nafasi ajiandae. Na siku yenyewe acha mkono wa kanzu uifunike, isiwe ndo inayotangulia kusalimia watu.

Na nakuomba sana kama fundi, usimpe mtu aisugue ing'ae wala "kuosha uso". Hanjari ile ni rangi tu juu ya sahani, pamba yenye dawa ikipita mara mbili imetoka. Na kwa kuwa hanjari ndo inayopandisha bei, kuna watu wanachapisha za uongo kwenye saa za kawaida, kwahiyo karatasi zozote za ami yako na picha akiwa ameivaa tunza pamoja nayo. Na picha zake usiziweke mtandaoni kabisa.

SWALI: Mambo vipi fundi, niko Nairobi, nafanya kazi za kompyuta. Nimenunua kwa mnada saa ya zamani ya jeshi la Uingereza, ina mshale usoni na nyuma imeandikwa W.W.W., nimeitia mkanda wa kitambaa wa mistari. Kazini wananiuliza kama nilikuwa jeshi. Inafaa kuvaa?

JIBU: Inafaa. Mshale huo maana yake mali ya serikali ya Uingereza, walikuwa wanaupiga kwenye kila kitu, mpaka vijiko. W.W.W. ni saa za mwaka 1945, yaani saa ya mkononi isiyoingia maji, makampuni 12 yalipewa hiyo kazi, wamo Omega, Longines na IWC. Jeshi halikuwapa askari kama nishani, liliwaazima kama kofia na buti, na baadaye nyingine ziliuzwa kwa raia. Kwahiyo saa yenyewe haimdai mtu heshima yoyote, ila jibu lako ndo linaloweza kumdhulumu mtu.

Ntakusimulia kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Miaka ya tisini nina meza yangu Kariakoo, navaa saa ya mshale kama hiyo, nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Akaja mzee kutengenezewa saa yake, wakati nafungua mfuniko akaushika mkono wangu, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya kioo akiutafuta ule mshale, akaniuliza, "Mzee wako alikuwa keya?" yaani askari wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Mi nikasema eeh. Nilisema tu kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Mzee akavuta kigoda akakaa. Akaanza kuniuliza batalioni gani, kama baba alifika Burma, kama alikuwa anasimulia matope ya bonde la Kabaw na mvua za 1944, akataja wenzake wawili waliobaki kule akitaka kujua kama baba aliwafahamu. Ilibidi nimwambie ukweli kuwa baba yangu alikuwa mkulima na saa nimenunua. Hakunitukana. Aliondoa mkono wake, akasema haya, akangoja saa yake akiwa amesimama. Na sisi tuko Kariakoo, mtaa ambao jina lake lenyewe limetokana na wapagazi wa jeshi wa vita ya kwanza.

Kwahiyo wewe wakikuuliza sema hapana, nimenunua napenda historia yake, na usisubiri waulize mara ya pili. Marekani walitunga sheria mwaka 2006 ya kumshtaki anayedai nishani ambayo hakupewa, Mahakama ya Juu ikaifuta 2012, mwaka 2013 wakaileta upya na sasa kosa ni kudanganya ili upate pesa au faida. Mi naona hata pasipo faida mtu anaumia.

Mkanda wa mistari angalia rangi. Baadhi zinauzwa kama urembo tu, ila bluu-nyekundu-bluu ni rangi za walinzi wa mfalme kule Uingereza, na mwenye kuzijua atakuuliza. Wa kijivu mtupu hauna neno. Na nembo za majeshi yetu wenyewe, JWTZ au KDF, raia asivae hata kama ameuziwa saa kihalali, huku kwetu mambo ya sare za jeshi hayana mchezo na mi sitaki uelezee historia ya saa ukiwa kituoni.

La mwisho, namba zake zile zinazotakiwa kung'aa gizani zilipakwa radiamu. Hata kama haziwaki tena sumu yake ipo, miaka 1,600 ndo inapungua nusu. Usiifungue mwenyewe, usikwangue, usilale nayo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni Mkristo, nafanya kazi za ndani Tanga kwa familia ya Kiislamu. Mama ametoka Makka kaniletea saa ya mkononi inayoadhini na kuonyesha kibla. Niivae au nitakuwa namkosea mtu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Amekukumbuka kwenye safari ya ibada yake, vaa na umshukuru. Sauti ya adhana izime, mwombe mama au mtoto wa pale akuonyeshe kitufe, isije ikaadhini uko chooni au katikati ya misa, huko ndo kungekuwa kukosea. Kibla kwa huku Pwani ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwahiyo umepata na dira.

SWALI: Fundi habari, niko Dodoma. Nimenunua saa mtumbani, nzuri sana, nyuma imechongwa jina la mtu na "kwa utumishi wa miaka 30". Fundi wa hapa anasema kwa elfu kumi analisugua jina lote. Nikubali?

JIBU: Usikubali dada yangu. Kwanza mfuniko wa nyuma ni mwembamba, ukisugua mpaka herufi ziishe umebaki na karatasi, jasho linaingia. Pili, miaka 30 ya mtu. Saa kama hiyo haitoki nyumbani kwa sababu nzuri, mara nyingi ni ugonjwa, ada au mirathi iliyogombaniwa, na kuna mjukuu mahali anaulizia saa ya babu iko wapi. Ivae, jina linakaa kwenye ngozi yako, hakuna anayeliona. Ila mrudie aliyekuuzia umuulize aliitoa wapi, kama ilikuja kwenye maburungutu kutoka nje basi, lakini kama ni ya hapahapa na jina linajulikana, watafute kimyakimya bila kulitangaza, uwaambie unayo. Wakiitaka wape kwa bei uliyonunulia.