Sanduku la Mzee wa Mafaili: Umeungua nini hasa?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Mafaili. Mimi naanika dagaa hapa Musoma. Mwezi uliopita nilipewa vidonge vya doksisaiklini. Siku ya nne uso, shingo na mikono iliwaka kama nimemwagiwa uji wa moto, na mikononi yakatoka malengelenge. Kituo cha kwanza waliniandikia L55.1. Nilipopewa rufaa, huko wakaandika L56.0 na chini yake Y40.4. Bima wamerudisha fomu, wanasema ugonjwa haulingani. Jirani naye ananitisha kwamba hizo L ni za kansa. Je, nina magonjwa mawili?
Muanika dagaa, Musoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na jirani, maana ndiye anayekunyima usingizi. Herufi L ni sura ya magonjwa ya ngozi kwenye ICD-10, kile kitabu cha Shirika la Afya Duniani kinachoyapa magonjwa namba. Hata jipu lina L yake, L02. Saratani za ngozi zinakaa kwenye C43 na C44. Mwambie jirani apumzike.

Una ugonjwa mmoja ulioandikwa na watu wawili, na wa pili alijua jambo ambalo wa kwanza hakuliuliza.

Lawama nyingine naitupia lugha yetu tamu. Neno "kuungua" limebebeshwa mzigo kuliko punda wa Lamu. Mpishi wa chapati kaungua, mtoto mwenye ualbino aliyekaa mstarini asubuhi nzima kaungua, na wewe uliyemeza kidonge ukaenda kugeuza dagaa umeungua pia. Kitabu hakiwaweki nyumba moja. Wa moto na maji ya moto wapo T20 hadi T32, na mlangoni pa nyumba hiyo imeandikwa wazi kuwa aliyeungua jua asiingie. Wa jua tupu yuko L55: L55.0 ngozi imewaka bila lengelenge, L55.1 ikitoa malengelenge, L55.2 ikiliwa hadi ndani. Mtu wa kituo cha kwanza aliona malengelenge, akasikia "jua", akaandika L55.1. Kwa alichokijua, hakukosea.

L56 ni ya waliodhuriwa kwa namna nyingine na miale ya urujuanimno, ile miale isiyoonekana inayotoka kwenye jua na hata kwenye mianga mingine mikali. L56.0 ni pale dawa iliyomo mwilini inapokutana na miale hiyo na ngozi ikalipa gharama. Doksisaiklini inajulikana kwa tabia hiyo. Dawa za salfa nazo zimo, na baadhi ya vidonge vya presha. L56.2 ni ya kitu ulichojipaka, kama manukato yenye mafuta ya bergamoti, kisha ukaingia juani. L56.3 ni mabaka ya kuwasha yanayofumka mara tu jua likigusa ngozi. Ile Y40.4 yako si ugonjwa. Inamtaja mhusika: dawa za kundi la tetrasaiklini, ambamo doksisaiklini yako imo, zilizotolewa kwa matibabu halali, zikaleta madhara. (Ukimuuliza mjukuu aitafute kwenye intaneti anaweza kukuletea T36.4X5A. Hiyo ni ya toleo la Marekani, usiipeleke kwa bima yako.)

Wa pili alijuaje? Naweza kukisia bila kuliona faili lako. Aliuliza, "Unatumia dawa gani?" Halafu akakunja mkono wa gauni akaona mstari: chini umeiva, juu salama. Chini ya kidevu, kwenye kivuli, ngozi ni nzima. Kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani vizuri. Unaona weusi uliozidi, joto na maumivu, na asiyezoea ataandika "mabaka meusi" akaendelea na mgonjwa anayefuata.

Mimi mwenyewe nimewahi kuharibu. Nilikuwa kijana, hospitali moja ya wilaya, nimepewa kujaza taarifa za MTUHA, ule mfumo wa kukusanya takwimu za huduma za afya. Nilifungua faili la mtoto, mstari mmoja tu: "ameungua, 2/7", yaani siku mbili. Nikampeleka kwa walioungua moto. Siku ile walikuja watoto wanne wa shule moja, wote wenye ualbino, wote nikawapeleka hukohuko. Mwisho wa mwezi muuguzi mkuu akaja na karatasi mkononi: "Kijana, ni bweni gani limeungua?" Wale walitakiwa L55, na pembeni E70.3 ya ualbino. Kwa namba zangu angeletewa dawa za vidonda vya moto, wakati watoto walihitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC pale Moshi.

Sasa fomu yako. Usifute wala kuandika juu ya namba yoyote, hata kwa nia njema. Fomu iliyochakachuliwa haitetewi na mtu. Nenda hospitali ya rufaa, chumba cha kumbukumbu, uombe daktari aliyekuona aandike sentensi mbili: kwamba malengelenge yaliyoandikwa L55.1 ni tukio lilelile, na kwamba baada ya kuulizwa dawa utambuzi ukawa L56.0. Mtu wa kumbukumbu hana ruhusa ya kubadili ugonjwa bila kalamu ya daktari. Ambatisha hiyo, rudisha bima. Na jina la dawa hiyo liandike kwenye jalada la daftari lako la kliniki, kwa herufi kubwa, ili siku nyingine umwonyeshe mtoa dawa kabla hajakufungia bahasha.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea, Kisumu. Kifua kimeiva pale shati lilipokuwa wazi. Nimeandikiwa L56.8 na W89. Rafiki yangu aliyeungua shambani ana X32. Kwa nini mimi tofauti?

JIBU: Watu wanaiita kazi yenu jua kali, lakini kilichokuchoma si jua. X32 ni mwanga wa jua. W89 ni mwanga uliotengenezwa na binadamu, na mwali wa kuchomelea umetajwa humo kwa jina. Kwa hiyo hata L55, ambayo ni ya jua, haikukufaa, ukapewa L56.8, ya madhara mengine ya urujuanimno. Macho vipi? Kama usiku unahisi mchanga ndani yake, rudi ukaseme, kwani hilo lina namba yake, H16.1, na daktari hawezi kuandika usichomwambia. Na funga vifungo, fundi, hadi cha shingoni.