Gereji ya Wasomaji: Dragsta ya Injini ya Mbele Huanzia Kwenye Kiti cha Dereva

Barua nne kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zimegusa jambo moja, nalo ni dragsta, yaani gari jembamba na refu linaloundwa kwa kazi moja tu ya kukimbia umbali mfupi ulionyooka, ambao kwa kawaida ni robo maili au mita 402. Nimezijibu pamoja kwa sababu jibu la barua moja linategemea jibu la nyingine.

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi ni vijana watatu wa Masasi tunaofanya kazi katika gereji moja. Tumepata injini ya Toyota Mark II yenye silinda 6 na ujazo wa lita 2, pamoja na gia boksi yake ya otomatiki, na tumepata pia ekseli ya nyuma ya Hilux. Tunataka kuunda dragsta ya mtindo wa zamani, injini ikiwa mbele ya dereva. Tuanze na injini au tuanze na fremu? Na kwa nini katika magari hayo dereva hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma?

JIBU: Marahaba, wanangu. Msianze na injini, wala msianze na fremu. Anzeni na dereva. Mkalisheni sakafuni yule aliye mrefu kuliko wenzake, akiwa amevaa helmeti na viatu atakavyoendeshea, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kisha mchoreni kwa chaki katika ukubwa wake halisi. Mkimaliza mwili wake, choreni ekseli ikipita chini ya mapaja yake, halafu gia boksi, halafu injini, na mwisho kabisa mabomba ya fremu yatakayovizunguka vitu hivyo vyote. Wengi huanza kwa kuning'iniza injini kwenye fremu iliyokwisha kuchomelewa, na wanapofika kwenye kiti hugundua kwamba goti linagusa difu, yaani sanduku la gia lililo katikati ya ekseli, na kwamba kichwa kimepita juu ya keji, yaani kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva. Hapo hawabomoi kazi ya miezi, bali hukubali kumkalisha mtu mahali pasipofaa, na ndiyo maana nasisitiza utaratibu huu kuliko jambo lingine lolote katika safu hii.

Kuhusu swali lenu la pili, Mickey Thompson wa California ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa mtindo huo, mwaka 1954, na sababu yake ni mshiko wa tairi. Gari la aina hii halisukumwi na magurudumu ya mbele hata kidogo, kwa hiyo kila kilo inayokaa mbele haisaidii kulisukuma. Chukueni mfano wa fremu yenye mita 4 kati ya ekseli mbili. Dereva wa kilo 75 akikaa sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya nyuma hubeba kilo 82.5, kwa kuwa mwili wake unapunguza kilo 7.5 kwenye yale ya mbele. Injini na gia boksi, ambavyo kwa pamoja tuseme vina kilo 230, mkiviweka kitovu chake kikiwa mita 2.7 kutoka ekseli ya mbele, gari lote la kilo 640 pamoja na dereva linaweza kuwa na takriban kilo 456 nyuma, yaani asilimia 71 ya uzito wake, hata kabla halijaondoka.

Likiondoka, uzito zaidi huhamia nyuma. Kwa mchapuko wa asilimia 80 ya ule wa mvutano wa dunia, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 45 kutoka ardhini, kilo zinazohama ni kama 58. Fremu ingekuwa na mita 2 tu, zingehama kilo zipatazo 115, na pua ya gari ingekuwa nyepesi kiasi cha kuufanya usukani usiaminike. Urefu wa dragsta, kwa hiyo, si pambo. Ndio unaoituliza pua.

Usukani wenyewe unahitaji fikra zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu injini imekaa njiani. Njia iliyozoeleka ni kufunga boksi la usukani karibu na dereva, kisha fimbo ndefu ipite ubavuni mwa injini mpaka kwenye magurudumu ya mbele. Fimbo hiyo iwe bomba imara, wala si nondo nyembamba inayopinda ikisukumwa, na ipite ndani ya pete za chuma zilizofungwa kwenye fremu ili ncha yake ikichomoka isianguke chini wala isirudi kumchoma dereva. Mhimili unaogeuzia gurudumu la mbele uegemezwe nyuma sana, kama uma wa baiskeli ulivyolala, ili magurudumu yapende kurudi katika mstari yenyewe.

Injini yenu isiwape wasiwasi. Injini za aina hiyo hutoa takriban nguvu za farasi 140 hadi 160 kutegemea toleo, na kwa gari la kilo 640 nguvu hizo ni nyingi. Ipimeni mgandamizo wa kila silinda, badilisheni oili na mikanda, kisha iacheni kama ilivyotoka kiwandani. Nawasihi pia mbaki na gia boksi ya otomatiki, kwa sababu klachi inayopasuka kwa mwendo mkubwa mbele ya miguu ya mtu ni hatari ambayo hamna haja ya kuibeba katika gari lenu la kwanza.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Chikongola, Mtwara. Nimeombwa niunde fremu ya gari la mbio kwa mabomba ya maji ya inchi moja na nusu, kwa kuwa ndiyo yanayopatikana madukani. Mashine yangu ya kuchomelea ni ya vijiti. Je, mabomba hayo yatafaa?

JIBU: Hayatafaa, fundi, na nakuomba ukatae kazi hiyo mpaka waliokuagiza walete chuma kinachostahili. Bomba la maji limetengenezwa kustahimili mkandamizo wa maji, halikutengenezwa kukunjwa na kugongwa. Lina mshono, ubora wa chuma chake haujulikani, na limepakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na maumivu ya kifua, na ikiingia katika kiungo huacha matundu na nyufa ambazo jicho halizioni.

Tafuta bomba la chuma cha kawaida lisilo na mshono, hata kama itabidi liagizwe Dar es Salaam. Kwa keji inayomzunguka dereva, kipenyo cha nje cha takriban milimita 45 na unene wa milimita 3 ni kipimo kilichozoeleka kwa chuma cha aina hiyo. Utasikia watu wakisifu chuma chenye kromi na molibdenamu, kinachojulikana kwa namba 4130, nao hawakosei, kwani huruhusu bomba jembamba zaidi na fremu nyepesi. Lakini chuma hicho hutaka mashine ya tigi, yaani ya kuchomelea kwa umeme chini ya kinga ya gesi, na mkono uliokizoea, la sivyo hupasuka pembeni mwa kiungo. Chuma cha kawaida kilichochomelewa vizuri ni bora kuliko chuma ghali kilichochomelewa kwa kubahatisha.

Mashine ya vijiti inaweza kuifanya kazi hii, ila nikuonye juu ya jambo linalowahusu sana mafundi wa pwani. Vijiti vya aina yenye namba 7018, ambavyo ndivyo ningekushauri uvitumie, hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Mtwara ina unyevu mwingi. Kijiti kilichonyonya maji huingiza haidrojeni katika kiungo, na kiungo kinaweza kupasuka saa kadhaa baada ya wewe kwenda nyumbani ukiwa umeridhika. Hifadhi vijiti katika chombo kisichopitisha hewa, na pakiti iliyokaa wazi ikaushwe katika tanuri kwa takriban nyuzijoto 300 kabla ya matumizi. Kabla hujagusa fremu, chomelea vipande vya majaribio vya bomba lilelile, uvipasue kwa msumeno na utazame ndani kama chuma kimeshikana mpaka chini.

Ncha ya kila bomba ichongwe mpaka ikumbatie bomba linalopokea, bila mwanya wa kuzibwa kwa kijiti. Funga kwanza kazi yote kwa nukta ndogo juu ya meza ya chuma iliyonyooka, pima kona kwa kona, na uanze kuchomelea kikamilifu ukiruka upande hadi upande ili joto lisiipinde fremu. Kila chumba cha fremu kiwe na bomba la mshazari, kwa kuwa pembe nne hulala zikisukumwa lakini pembe tatu hazilali. Usisage viungo ili vipendeze. Chama cha mbio hizo cha Marekani, NHRA, kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, hukataza viungo vilivyosagwa, kwa sababu kusaga hupunguza chuma na huficha kazi mbovu. Mwisho ziba ncha zote za mabomba, maana chumvi ya bahari hula bomba kuanzia ndani.

SWALI: Mhariri, nipo Nachingwea, najifunza ufundi wa magari. Difu ya Hilux yenye uwiano wa 4.1 itafaa kwa gari hilo? Na je, ni sawa kuichomelea difu ili magurudumu yote mawili yasukume?

JIBU: Uwiano huo, yaani shafti inayoingia kwenye difu kuzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, unafaa. Gawa uzito wa gari kwa nguvu za farasi, tafuta kipeo cha tatu cha jibu, kisha zidisha kwa 7.6: kwa kilo 640 na nguvu 150 utapata kama sekunde 12.3 kwa robo maili, na mwendo wa mwisho unakadiriwa kuwa kilomita 178 kwa saa. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 70 na gia inayopitisha mzunguko moja kwa moja, injini itakuwa ikizunguka mara 5,500 hivi kwa dakika kwenye mstari wa mwisho, karibu na pale inapotoa nguvu zake kubwa. Hayo ni makadirio, na tairi za kawaida zinazoteleza zitayapunguza.

Difu usiichomelee. Meno yake ni magumu, hupasuka yakichomelewa, na vipande vyake huweza kulifunga gurudumu moja ghafla. NHRA pia hukataza. Weka kipande kizima kilichochongwa kuunganisha shafti zote mbili. Unaponunua tairi za mtumba, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lisitumike hata likiwa na sura nzuri.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama, nakaa Lindi mjini. Mwanangu mwenye miaka 22 anaunda gari la aina hiyo na wenzake, na ameniambia kwamba atakaa nyuma ya injini huku difu ikiwa katikati ya miguu yake. Nimekosa usingizi. Niridhie au nikatae?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Hofu yako ina msingi, na sitaipunguza kwa maneno matamu. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, gia boksi ya gari la Don Garlits, ambaye alikuwa miongoni mwa waundaji na madereva bora wa dragsta duniani, ilipasuka wakati wa kuondoka, ikalikata gari vipande viwili na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma ya dereva, likashinda, na baada ya miaka michache magari ya injini ya mbele yakatoweka katika daraja la juu la mbio hizo. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya elfu moja, wakati magari ninayoyaeleza hapa yana mia moja na hamsini. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini chuma kinachozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika hukata mwili kwa nguvu ndogo pia.

Naona unaweza kuridhia kwa masharti, na masharti hayo uyakague kwa macho yako. Mwambie akuonyeshe kinga ya bamba la chuma la milimita 6 inayozunguka mahali injini inapokutana na gia boksi, na nyingine inayofunika propela, yaani shafti fupi inayotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye difu. Kati ya dereva na injini pawe na ukuta wa bati usio na tundu lililoachwa wazi, kwa sababu oili au maji ya moto yakiruka hewani huangukia usoni mwa dereva. Keji ipite juu ya helmeti yake kwa nafasi ya kutosha. Awe na mkanda wa pointi tano uliofungwa kwenye fremu yenyewe, mavazi yasiyoshika moto haraka, kizimia moto anachokifikia akiwa amefungwa mkanda, na swichi ya kukata umeme ambayo mtu wa nje anaweza kuivuta.

Mahali pa kulikimbiza gari ni sharti zito kuliko yote. Gari lenye breki za nyuma pekee, likiwa kilomita 178 kwa saa, linahitaji mita 300 hivi za kusimama baada ya zile mita 402, na mwanya wa usalama juu yake, kwa hiyo wasikubali mahali pasipo na mita 1,200 za lami iliyonyooka na isiyo na watu. Barabara ya Mtwara kwenda Mikindani si mahali pake, wala barabara kuu ya Kibiti hadi Lindi, hata usiku wa manane. Waandike barua kwa Chama cha Magari Tanzania, AAT, ambacho ni mwanachama wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari na mbio zake, na wakitaka kiwanja cha ndege waombe kibali cha Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Siku ya majaribio gari la wagonjwa liwepo uwanjani.

Ukiambiwa kwamba kinga ya gia boksi itafungwa baadaye, baada ya majaribio ya kwanza, kataa siku hiyohiyo, mama, kwa sababu katika jaribio la kwanza hakuna anayejua bado ni kipi kitakachokatika.