Ukimuuliza mtu habari za mbinguni, subiri jibu la pili

Kazi inayonilipia nyumba ni kupiga video za mazishi. Wikendi nyingi niko njiani na familia fulani kuelekea Murang'a, Siaya, Machakos au Vihiga, na wakizika hapa mjini niko Lang'ata. Kwa hiyo habari za mbinguni nazisikia kila wiki. Mchungaji anazisema, anayesoma wasifu wa marehemu anazisema, kwaya inaziimba. Lakini ni nadra sana yule mtu wa kawaida aliyesimama nyuma, kofia mkononi, kuulizwa yeye mwenyewe anaamini nini. Ndiyo sababu mimi na rafiki yangu tulianza kuzunguka Nairobi tukiwauliza watu swali hilo kwa ajili ya filamu fupi ya maisha halisi. Tangu hapo vijana wamekuwa wakinitafuta kutaka kujua kazi ya namna hii inafanywaje, nami naona ni vyema niandike.

La kwanza kulijua ni kwamba jibu utakalopewa mwanzoni limetoka mimbarini. Muulize mama yeyote anayeuza nguo Gikomba kuna nini baada ya kifo, atakujibu papo hapo: ukiokoka ni mbinguni, usipookoka ni jehanamu. Muulize mzee wa Pumwani, atakutajia kaburi, maswali ya malaika Munkari na Nakiri, kisha Siku ya Kiyama. Mkatoliki ataongeza toharani, na hasa ukimkuta mwezi wa Novemba wanapowaombea marehemu. Watu hawa wanaamini wanachosema, tena kwa moyo wote. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakristo ni zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya na Waislamu karibu asilimia 11, kwa hiyo majibu haya utayasikia hadi uyakariri. Ukizima kamera hapo, umerekodi katekisimu na chuo cha Kurani. Kaa. Jibu la pili huja baadaye, kwa sauti ya chini kidogo, na halifanani na la jirani.

Nitakupa mfano mmoja. Katika mochari moja hapa mjini, familia ilikuwa inamvalisha mzee wao kabla ya safari. Mjane wake alitoa miwani mkobani. Mkono mmoja wa ile miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi pale ulipovunjika. Akaipangusa kwa ncha ya leso, kioo kimoja kisha cha pili, huku akimwambia dada yake kwamba huko aendako mzee macho ni mapya, hahitaji kitu. Baada ya kusema hivyo akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti la marehemu na kufunga kifungo. Matanga yalipoanuliwa na miezi ikapita, nilimtembelea nikamuuliza, kwa heshima, kwa nini aliiweka. Akanitazama kidogo. "Najua yeye haihitaji," akasema. "Lakini mimi nikifika, nitamtambuaje bila miwani?"

Mama huyo ni mzee wa kanisa. Ukimuuliza kuhusu ufufuo atakufundisha, na mafundisho yake ni sahihi. Hilo la miwani halijavunja imani yake hata kidogo. Vinakaa pamoja kifuani mwake. Wewe mwenye kamera huna ruhusa ya kumchagulia kipi ndicho anachokiamini "kweli kweli". Weka vyote viwili katika filamu.

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilielewa jambo hili mapema. Kuanzia miaka ya 1970 alirekodi mazungumzo na wazee waliosifika kwa busara huko vijijini, na hakutosheka na mzee kumsimulia jamii yake inaamini nini. Alimsukuma: na wewe mwenyewe waonaje, na kwa nini? Wapo waliorudia mila kama walivyoipokea. Wapo walioipima na hata kuikosoa. Mimi nimeiga njia yake kwa maswali mawili. Kwanza, "Kwenu wanasemaje mtu akifa?" Mtu akimaliza, unanyamaza, kisha, "Na wewe, mama?" Hilo la pili lisiulizwe kwa haraka. Na ukishauliza, funga mdomo. Mtu wa Nairobi amezoea kukatizwa na kondakta, na mteja, na simu. Akigundua kwamba kuna mtu anamngoja amalize, atasema mambo ambayo pengine hajawahi kumwambia hata mchungaji wake.

Ukiona swali la roho linawafunga watu mdomo, uliza kuhusu mwili. Hapo utashangaa. Muulize mtu: "Ungekubali kuchomwa?" Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011 mwili wake ulichomwa Kariokor, katika jeneza lililotengenezwa kwa magugumaji, mafunjo na mianzi kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kabla yake, mwaka 2005, Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana Manasses Kuria naye alichomwa, na Wakristo wengi wakatikisika. Ukiyataja hayo mawili katika kibanda cha chai, huhitaji swali jingine. Mmoja atasema Mungu aliyemuumba Adamu kwa mavumbi hashindwi na majivu. Mwingine atasema hapana, watoto wangu watakuja kusimama wapi? Jirani Mhindu, ambaye kwake moto ndio njia ya kawaida ya kuiaga dunia, atawasikiliza wote na kuwaeleza kwa utulivu kwamba mwili ni nguo tu. Huo mjadala una imani nyingi kuliko saa nzima ya mahojiano ya ofisini.

Kwa watu wa umri mkubwa, taja kesi ya S.M. Otieno. Wakili huyo alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui, akataka kumzika Upper Matasia, kule Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka arudishwe Nyalgunga, Siaya. Nchi nzima ilifuata kesi hiyo magazetini. Odera Oruka mwenyewe aliitwa kutoa ushahidi. Ukoo ulishinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Wazee waliokuwa vijana wakati huo hadi leo wana upande. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba hawabishani kuhusu sheria. Wanabishana kama mfu anajua alipolazwa, na kama anaweza kukosa usingizi.

Halafu kuna wale ambao kwao wafu hawajaenda mbali. Shosho mmoja wa Dagoretti, Mpresbiteri wa miaka mingi, alimpakata mjukuu mwenye jina lake na kumwita "mimi". Kwa Wakikuyu mtoto huitwa jina la babu au bibi kwa mpangilio unaojulikana, na wazee wengi husema wazi kwamba aliyeondoka amerudi. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika kwamba mfu huendelea kuwa hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Shosho yule hajui Mbiti ni nani. Alinieleza jambo lile lile kwa kumpangusa mtoto uji mdomoni na kumwambia, "Mimi, kula vizuri."

Sikiliza pia kile ambacho watu wanatarajia kukikuta huko, kwa maana hapo ndipo utakapouona mji huu wenyewe. Mama wa Kayole alinieleza mbinguni kwa kuanza na maji: mfereji hauzimwi, hakuna kungojea siku ya zamu, hakuna kubeba mitungi ngazi hadi juu. Kondakta mmoja alisema kwake mbinguni ni mahali ambapo tarehe tano ya mwezi haifiki, na aliposema hivyo alikuwa anatazama chini, kwa sababu wiki ile mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli ya mwenye nyumba. Nimesikia watu wakiyacheka majibu kama haya. Yanastahili kusikilizwa kwa makini zaidi kuliko yote. Biblia imeahidi makao mengi na mto wa maji ya uzima. Kurani imeahidi mito ya maji yasiyoharibika, ya maziwa, ya asali. Mpangaji wa Nairobi akiota nyumba isiyo na kodi na maji yasiyokatika, ameelewa ahadi hiyo barabara.

Sasa nikuonye. Tangu mwaka 2023, baada ya yaliyotokea katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako watu walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakamwone Yesu na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, mtu mgeni mwenye kamera anayeuliza habari za mbinguni anatazamwa kwa wasiwasi. Watu wana haki kuogopa. Jieleze mapema: wewe ni nani, hutoki kanisa lolote, hukusanyi sadaka, filamu itaonyeshwa wapi. Usikubali mhubiri akuteke. Pale bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana kuna wahubiri hodari ambao wakiiona maikrofoni hawaiachi, na filamu yako itageuka kuwa mahubiri yao. Wahoji wale wanaowasikiliza. Na kama mtu akikwambia, hata kwa mzaha, kwamba anatamani kwenda huko upesi, weka kamera chini. Kaa naye, muulize nani wa karibu naye mnayeweza kumwita sasa hivi, na msiachane kabla mtu huyo hajafika. Klipu hiyo usiitumie kamwe.

Kuna pia suala la wakati. Aliyefiwa usimhoji kabla matanga hayajaanuliwa. Mjane wa Kiislamu yuko edani, yaani katika muda wa kungoja baada ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi. Muache hadi atoke, na hata akitoka pitia kwa wanawe au dada zake. Kaburini rekodi ibada kama umeajiriwa kuirekodi, lakini maswali yako yabaki nyumbani siku hiyo.

Ruhusa iwe ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka imani ya mtu katika data nyeti, pamoja na afya yake na mambo ya familia yake. Hata bila sheria, fikiria: mtu amekwambia kuwa haamini kama mama yake yuko popote, na Jumapili anaimba kwaya. Mwonyeshe kipande chake kabla hujakiweka hadharani. Akisema ondoa, ondoa, hata kama ndicho kilichobeba filamu nzima.

Mwaka ule ule wa maziko ya Otieno, 1987, mwigizaji wa Marekani Diane Keaton alitoa filamu yake inayoitwa Heaven, ambamo watu wa kawaida wanaulizwa mbinguni kukoje na kama wanaogopa kufa, na katikati amechomeka vipande vya sinema za zamani. Itafute uitazame, kwa sababu imethubutu kuuliza maswali mafupi kabisa na kumwachia mtu uwanja. Ila mimi siyapendi maamuzi yake ya uhariri. Vile vipande vya sinema na michezo ya mwanga vinawafanya baadhi ya wahojiwa waonekane vituko, na mtazamaji anapata nafasi ya kuwacheka watu walioonyesha mioyo yao. Nakuomba usifanye hivyo hapa. Usimkate mama katikati ya sentensi ili umbandikie picha ya malaika wa katuni. Usiweke muziki wa kuchekesha chini ya sauti ya mtu anayesema atamwona mwanawe. Kata pumzi zilizorudiwa, kata matatu iliyopiga honi, basi.

Na kuhusu honi: Nairobi itakutesa kwa sauti. Epuka Jumapili asubuhi mitaani, spika za makanisa zitaingia katika kila neno. Siku za kazi kati ya saa nne na saa sita, watoto wakiwa shuleni na mama mboga hajapata wateja wengi, ndio wakati bora. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, hata ya bei rahisi, itakufaa kuliko kamera ya gharama. Kaa kimo kimoja na unayemhoji; akiketi kigodani, nawe tafuta kigoda. Na ukisema asante, usikimbilie kuzima. Mengi mazuri niliyonayo yalisemwa baada ya asante, mtu akiwa anavaa viatu au anamwaga masalio ya chai, na alijua kwamba bado tunarekodi kwa sababu nilimwambia.

Mwisho ni lugha. Usimlazimishe mtu aongee Kiswahili kwa sababu tu filamu ni ya Kiswahili. Mtu anaweza kuuza, kugombana na kuposa kwa Kiswahili cha Nairobi, lakini akifika kwa marehemu baba yake atahamia Kikamba, Dholuo, Kiluhya au Kinubi, mara nyingi bila kujua amehama. Muache aende. Tafuta mtu wa jamii hiyo, ikiwezekana wa rika lake, akae nawe kwenye uhariri akutafsirie neno kwa neno, umlipe, na uandike maneno chini ya picha. Inachukua muda na pesa. Sisi tumesimama hapo kwa sasa, tunamtafuta mzee anayejua Kinubi vizuri atusaidie na mahojiano ya Kibera, na filamu haitatoka kabla hajapatikana.